Jinsi ya kwenda mela ya Wagarasia na kukaa nao vizuri

Ukitafuta Wagarasia mtandaoni utaletewa kitu kimoja tu, kwamba ni kabila la India ambalo vijana wanaishi pamoja kwanza ndio wanaoana baadae, basi, picha tatu za wasichana waliovaa nyekundu na habari imeisha. Mimi nimesoma Ahmedabad miaka mitatu na nimeenda kwao mara mbili msimu wa mela, yaani kusanyiko lao kubwa la kila mwaka, na kila nikisoma zile habari naumia manake hakuna anayekuambia ufike vipi, ukae vipi, na kwanini mambo yao yako hivyo. Kwahiyo hapa nakuelekeza namna ya kwenda mwenyewe. Na la kwanza kabisa kabla ya nauli na mizigo ni hili: fika usiku wa msiba, usije asubuhi ya ngoma. Nitakueleza huko mbele kwanini.

Jua kwanza unaenda kwa nani

Wagarasia wanakaa kwenye milima ya Aravalli, pale jimbo la Rajasthan linapogusana na Gujarat. Upande wa Rajasthan utawakuta wilaya ya Sirohi maeneo ya Abu Road na Pindwara, wilaya ya Pali kule Bali, na wilaya ya Udaipur kwenye milima ya Kotra na Gogunda. Ukivuka kuingia Gujarat wako Banaskantha maeneo ya Danta na Amirgadh, na Sabarkantha maeneo ya Khedbrahma na Poshina. Kwa sensa ya 2011 Rajasthan peke yake walikuwa zaidi ya 300,000, yaani kabila la tatu kwa ukubwa pale baada ya Wamina na Wabhil, na Wabhil ndio majirani zao wa karibu, wanachangia milima, mela na mengi ya maisha mpaka mgeni anawachanganya.

Jina lenyewe lina maana nzuri sana. Linatokana na garas, au giras, neno ambalo asili yake kwenye Kisanskriti ni tonge, lile tonge la chakula mdomoni, na zamani lilitumika kwa ardhi ambayo mtu amepewa imlishe. Kwahiyo Mgarasia ni mtu mwenye tonge lake, mwenye kipande chake cha ardhi. Sasa hapa kuwa makini, kuna watu wengine wanaitwa Rajput Garasia ambao ni ukoo wa wenye ardhi, hao siyo hawa, na hata orodha rasmi ya makabila ya Rajasthan imeandika Garasia halafu ikawatoa hao Rajput Garasia kwa jina. Wazee wa Kigarasia wengi watakusimulia kwamba na wao wametokana na Warajput, wale watawala na wapiganaji wa zamani wa Rajasthan, waliokimbilia milimani wakaoa Wabhil. Ukisimuliwa sikiliza tu, usianze kubishana na mzee kuhusu ukoo wake kwenye baraza lake.

Panga tarehe kwa mwezi, siyo kwa kalenda ya ukutani

Mela ni kusanyiko, chukua gulio, tambiko, msiba na harusi uviweke uwanja mmoja, ndio mela. Kubwa ninayokushauri ni Chitra-Vichitra, inafanyika kijiji cha Gunbhakhari, wilaya ya Sabarkantha, pale mito mitatu inapokutana, Sabarmati, Akul na Vyakul. Wanaokuja ni Wagarasia na Wabhil, makumi ya maelfu ya watu, wengi kwa miguu kutoka milimani. Jina linatokana na Chitrangada, ambaye huku wanamwita Chitravirya, na Vichitravirya, wana wa mfalme Shantanu kwenye Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa kale wa India, inasimuliwa kwamba waliishi hapa na wakapona maradhi yao.

Tarehe inahama kila mwaka kwasababu inafuata mwezi. Fanya hivi, tafuta Holi ya mwaka huo, ile sikukuu ya Wahindu ya kurushiana rangi, Holi ni mwezi mpevu, halafu hesabu wiki mbili mpaka giza la mwezi, usiku huo usio na mwezi ndio wenyewe. Mara nyingi inaangukia Machi, miaka mingine inasogea mpaka mwanzoni mwa Aprili. Usitegemee tarehe ya mtu aliyeandika mwaka juzi, na ukifika Khedbrahma muulize muuza chai, yeye anajua kuliko simu yako.

Kama hiyo haikuwezekani, kuna mela ya Gangaur ya Wagarasia kule Siyawa karibu na Abu Road, majira ya joto yanapoanza, ambako sanamu za mbao za Gaur na Isar, yaani Parvati na Shiva, miungu ya Wahindu, zinabebwa kichwani na watu wakicheza. Ila mimi moyo wangu uko Gunbhakhari.

Kufika na pa kulala

Kutoka Ahmedabad unapanda basi la serikali mpaka Khedbrahma, masaa matatu manne hivi, na kutoka hapo kuna magari ya kushea yanayojaza mpaka watu wananing'inia, yanaelekea Poshina. Ukitokea upande wa Rajasthan shuka treni Abu Road, stesheni iko kwenye njia kuu ya Delhi na Ahmedabad, halafu ingia Ambaji, mji wa hekalu kubwa, ndio uteremke kusini. Kodisha gari lenye dereva wa huko huko kama mko wanne, mtagawana na inakuwa nafuu.

Kulala, lala Ambaji au Khedbrahma au Abu Road. Najua unatamani kulala kijijini lakini India mgeni wa nje popote anapolala mwenyeji anatakiwa kumripoti kwa fomu maalum ndani ya masaa 24, hata ikiwa ni nyumba ya mtu, na mzee wa kijijini hana shughuli na hayo, utamletea polisi mlangoni ukarudi zako na yeye akabaki nao. Hata hoteli ndogo nyingine hazipokei wageni wa nje kwasababu hiyo hiyo, piga simu kwanza. Usiku wa mela wenyewe hutalala kabisa, kwahiyo chumba unakihitaji kabla na baada.

Beba noti ndogo ndogo za rupia, kumi, ishirini, hamsini, manake pale uwanjani noti ya mia tano hakuna chenji na malipo ya simu ya kwao mara nyingi yanataka akaunti ya benki ya kwao. Beba maji mengi, kofia, viatu vya kufunga, na shuka, kwasababu Machi mchana jua linakaanga halafu alfajiri mtoni baridi inaingia mifupani. Pombe usibebe, Gujarat ni jimbo lisiloruhusu pombe kwa sheria ya tangu 1949. Watu wa milimani wanatengeneza kinywaji cha maua ya mahua, utanusa harufu yake tamu kila mahali, ila wewe mgeni ukikamatwa nayo hakuna wa kukutetea, na ukimpiga picha anayekunywa umempeleka yeye matatizoni.

Jambo moja la barabarani nalisema kwa uzito wote, usiendeshe mwenyewe. Huku kuna desturi inaitwa mautana upande wa Rajasthan na chadotaru upande wa Gujarat, mtu akifa kifo kisicho cha kawaida, hata ajali, ndugu zake wanadai fidia kwa yule anayeonekana amehusika na ukoo wake wote, na zamani mpaka leo kuna familia zimekimbia vijiji kwa ajili ya madai hayo na maiti kukaa bila kuchomwa mpaka wazee wafikie muafaka. Siku ya mela barabara imejaa watu gizani, watoto, mbuzi. Mwambie dereva wako aende mwendo wa miguu na asione haya.

Usiku wa msiba

Sasa tufike pale. Ingia uwanjani jua likizama, kaa pembeni upande wa juu kuelekea hekalu, usiteremke mtoni bado. Utaona makundi yanafika, kila kijiji na watu wake, wanawake mbele wakiwa wamejifunika na ushungi, na mara giza likishika kabisa kilio kinaanza. Siyo kilio cha mtu mmoja, kinapanda sehemu moja ya mto kinajibiwa ng'ambo, mama mmoja anataja jina la marehemu na namna alivyokuwa, wenzake wanaitikia kwa sauti inayoshuka taratibu, na hapo hapo kundi lingine linaanza la kwao, mpaka bonde zima linalia. Kila aliyefiwa mwaka ule amekuja hapa kumlilia mtu wake kwa pamoja na wengine, na wengi wamebeba mabaki ya mifupa na majivu kwenye kitambaa waje wayaweke kwenye maji alfajiri.

Mwaka wangu wa kwanza nilikosea hapa na nakuambia ili usirudie. Nilitoa simu. Sikuwasha taa, nilijiona mwangalifu, nikarekodi sauti tu na picha kwa mbali ya mama aliyepiga magoti kwenye maji na kitambaa chake. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu yangu, kilemba chekundu, bakora magotini, akanyoosha mkono akaweka kiganja chake juu ya kioo cha simu. Hakunivuta wala hakusema neno. Aliacha tu mkono pale mpaka nikaizima, ndio akautoa akaendelea kuangalia mtoni. Nikafuta ile picha mbele yake na akanisogezea nafasi kwenye gunia alilokalia. Tulikaa hapo hadi nyota zikafifia na hakuna usiku nilioujua ubinadamu kama ule.

Kwahiyo usiku ule simu inakaa mfukoni, mpaka mchana. Ukisalimiwa jibu Ram Ram, hiyo salamu inatosha usiku na mchana, kwa mzee na mtoto. Mzee wa kiume mwite kaka, na hapa Mswahili unachanganyikiwa kidogo kwasababu kwao kaka ni baba mdogo, siyo ndugu yako mkubwa, kwahiyo ni neno la heshima kubwa kuliko kwetu. Mwanamke mwite ben, dada. Halafu utashangaa maneno mengine yanavyokujia yenyewe, rang ni rangi, gadi ni gari, lakh ni laki ile ile, paisa ni pesa. Kigarasia chenyewe kiko familia moja na Kibhil, kimekaa katikati ya Kigujarati na Kimarwari, na watu wengi wanaojua mjini watakujibu kwa Kigujarati au Kihindi.

Asubuhi ya ngoma

Alfajiri wanaoga, majivu yanakwenda na maji, na jua likichomoza kitu kinageuka ambacho ukikisoma bila kukiona huwezi kuamini, ngoma zinaanza. Wale wale waliolia. Kila kijiji kimekuja na dhol yake, ngoma kubwa za kubeba, na zinapigwa zote pamoja mpaka unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Wasichana wamevaa ghaghra, sketi nzito zenye mizunguko mingi, mtandio mwekundu au wa njano, fedha shingoni na vifundoni. Vijana wa kiume nao kilemba cha rangi, wengine wana miwani ya jua mipya na simu inapiga muziki, usishangae wala usikasirike kwamba wameharibu asili, ni watu wa leo kama wewe.

Uliza kama kuna kundi la kutoka upande wa Sirohi, na ukibahatika waombe uione walar. Hiyo ndio ngoma yao wanayojulikana nayo zaidi na ajabu yake haina chombo chochote, hakuna dhol, hakuna filimbi, ni sauti na miguu tu. Wanawake nusu duara, wanaume nusu duara nyingine, mara nyingi anaanzisha mwanaume mmoja ameshika mwavuli au upanga, na hatua ni za polepole mno, mbele mbili nyuma moja, wote wanayumba pamoja kama mtama kwenye upepo. Kaa uitazame dakika ishirini nzima. Ukitazama dakika mbili utasema imepoa, ukikaa ndio unaona hakuna mguu hata mmoja ulioachwa nyuma.

Mambo ya ndoa, namna ya kuyaelewa kabla hujauliza

Ni hapa kwenye mela ndipo kijana na msichana wanapochaguana na wengine wanaondoka pamoja. Siku chache baadae wanajitokeza, wazee wa pande zote wanakaa, na upande wa kijana unalipa dapa, yaani mahari, kwa baba wa msichana, kiasi kinapangwa na baraza. Wakishalipa, hao wawili wanaishi pamoja, wanalima, wanazaa, na hakuna anayewanyooshea kidole. Sherehe ya harusi inakuja baadae wakishakuwa na uwezo, na uwezo wakati mwingine unakuja wakati watoto wameshakua, kuna harusi watoto ndio wanamuozesha mama yao kwa baba yao na wajukuu wanacheza mbele. Gharama ni za upande wa mwanaume na shughuli inafanyika kwake. Mwanamke asiporidhika anaweza kwenda na mwingine, na huyo mpya atalazimika kumlipa yule wa kwanza.

Kwahiyo wanaosema ni uhuru usio na mwenyewe hawajakaa wakaangalia, hapa kila hatua ina baraza, ina deni, ina mtu wa kulipa. Na zipo njia zingine pia, mor bandhiya ni harusi kamili ya mizunguko ya kuuzunguka moto na bwana harusi anavaa taji la mor, paharavana mizunguko ni michache tu ya kutimiza, na tanana haina mizunguko kabisa, ni makubaliano na malipo. Sheria ya ndoa ya Wahindu ya 1955 yenyewe imewaacha makabila haya nje, wanafuata desturi zao. Ila umri ni sheria ya nchi nzima, 18 kwa mwanamke na 21 kwa mwanaume, na ukweli ni kwamba milimani kuna wasichana wanaondoka kabla ya hapo na inaumiza, hata wazazi wa huko wenyewe wanalisema. Hilo usilifiche ukiandika, na usilifanye ndio habari yote.

Mimi mara ya pili ndio nilianza kuona uzi unaounganisha. Kwao maisha hayasubiri sherehe. Mtu anakufa mwezi wowote, kilio kikubwa kinasubiri mela. Watu wanaishi pamoja, harusi inasubiri mavuno mazuri. Na utaona kwenye mizimu pia mtu anaomba kwanza, akipata ndio analipa. Sherehe ni deni, na deni wanalikumbuka miaka thelathini.

Sasa kuuliza, usimuulize msichana wala kijana aliye pale uwanjani maswali ya mchumba, umri, utaondoka na nani. Muulize mwanamke mtu mzima, ukiwa umekaa kwake, umeshakula. Muulize harusi yako ilikuwa lini, swali hilo tu, halafu nyamaza.

Ukialikwa nyumbani

Kitongoji wanakiita phali, na nyumba haziko pamoja kama mtaa, kila moja iko kwenye kilima chake katikati ya shamba lake, kwahiyo mwendo ni mrefu kuliko unavyoambiwa. Nyumba, gher, ni ya udongo na paa la vigae vya udongo, mbele ina baraza na ng'ombe na mbuzi wana sehemu yao pale pale. Usiingie ndani moja kwa moja, simama uwanjani sema Ram Ram, watakutolea khatlo, kile kitanda cha kamba, ukae. Viatu vua kabla ya baraza. Ndani kuna maghala ya nafaka ya mianzi yaliyopakwa udongo, usiyashike wala usichungulie kimo cha mahindi, ni kama kuchungulia akaunti ya mtu.

Chakula ni rotlo ya mahindi. Nilimtazama mama mmoja akiitengeneza na ningeweza kutazama siku nzima, unga mkavu kwenye sinia, maji ya moto kidogo, anaukanda kwa kitako cha kiganja kwa nguvu mpaka unakuwa laini, halafu anachukua donge analipiga kati ya viganja viwili, pa pa pa, linazunguka lenyewe linapanuka, bila ubao bila kijiti, mpaka linakuwa duara kubwa kama sahani na unene sawa kote, analitupa kwenye kikaango cha udongo na halipasuki. Nilijaribu likakatika vipande viwili, akavikusanya akanionyesha tena kwa mkono wangu ndani ya mkono wake. Unakula na choroko nyeusi, udad, na kachumbari kavu ya pilipili na kitunguu saumu inayochoma kwelikweli. Ukimaliza usiseme nimeshiba haraka, kubali nusu nyingine.

Zawadi, peleka sukari, majani ya chai, au mafuta ya kupikia, mkabidhi mama mwenye nyumba. Hela mkononi usitoe kwa watoto hata kidogo. Na Machi ukiamka mapema utaona wanawake chini ya miti ya mahua wanaokota maua yaliyodondoka usiku, ya rangi ya krimu, manene kama zabibu, msaidie kuokota kikapu kimoja na hapo utaongea naye kuliko kwa mkalimani wa kulipwa. Wengi watakuambia mwanaume hayupo, yuko tambarare za kaskazini mwa Gujarat analima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, au yuko mjini anajenga maghorofa. Ardhi ya mlimani ni mawe na mvua ni ya msimu mmoja, tonge la kwenye jina lao siku hizi linafuatwa mbali.

Farasi wa udongo

Usiondoke bila kufika kwa wafinyanzi wa eneo la Poshina. Wanatengeneza farasi wa udongo, na hawa ndio lile deni nililosema, mtu ameomba mtoto, ameomba ng'ombe apone, akipata anapeleka farasi chini ya mti penye mzimu. Utakuta sehemu mamia ya farasi wamesimama wamebanana, wapya wa rangi ya tofali mbele, wa zamani nyuma wamevunjika shingo, majani yameota tumboni. Hao waliovunjika usiokote, hata kipande cha sikio, siyo taka, kila mmoja ni ombi la mtu lililojibiwa. Ukitaka wa kwenda naye nunua kwa mfinyanzi mwenyewe na usibane sana bei, na uangalie anavyofanya, mwili anauzungusha kwenye gurudumu kama mtungi mrefu ulio wazi ndani, miguu minne hivyo hivyo, shingo, halafu anaunganisha kwa mkono na mapambo anabandika kamba ndogo ndogo za udongo. Mfunge kwenye nguo, ni mwepesi kuvunjika.

Kama una siku ya ziada

Panda Mount Abu, ni 27 km hivi kutoka Abu Road, uende ziwa Nakki. Watalii wanapiga selfi kwenye boti na wengi hawajui kwamba kwa Wagarasia maji yale ni matakatifu, wanakuja nao kuweka majivu ya wapendwa wao humo. Majivu ya Gandhi pia sehemu yake yaliwekwa hapo, tarehe 12 Februari 1948. Ukiona familia imesimama kimya ukingoni na kitambaa, unajua tayari cha kufanya na simu yako.

Na wakikutajia Motilal Tejawat, kaa usikilize. Mwaka 1921 aliunganisha Wabhil na Wagarasia kukataa kodi na kazi za lazima za watawala, harakati iliitwa Eki, umoja. Tarehe 7 Machi 1922 walikusanyika Pal-Chitariya, kule Vijaynagar, na kikosi cha Mewar Bhil Corps chini ya afisa Mwingereza Meja H. G. Sutton kikawafyatulia risasi. Watu wa huko wanasema waliouawa ni 1,200. Mwezi wa tano mwaka huo huo vijiji vya Bhula na Valoria upande wa Sirohi vikachomwa moto. Vitabu vingi vya shule havina hata mstari wa jambo hili, ila mababu wa hao unaokula nao ndio walikuwepo.

Udaipur kuna taasisi ya utafiti wa makabila ya Manikya Lal Verma, ipo tangu 1964, pitia kama unataka kusoma kwa kina. Ila nenda baada ya mela, siyo kabla, vitu vya kwenye kabati la kioo vinaeleweka zaidi ukishaviona vikiwa vimevaliwa.

Picha, sasa

Asubuhi ya ngoma picha unaweza, kwa kuomba. Onyesha simu, inua nyusi, subiri. Akigeuza uso au akivuta mtandio ndio hapana hiyo, usirudie kwa kuzoom ukiwa mbali. Wasichana wadogo waache kabisa, picha zao zinazunguka mitandaoni na maneno ya ovyo na wao hawajui. Wanaopenda kupigwa ni wazee wa kiume wenye masharubu na wapiga dhol, hao watajipanga wenyewe.

Halafu fanya hili ambalo wageni karibu wote hawafanyi. Ukirudi mjini jioni tafuta studio ya picha, zipo kwenye kila mji wenye hekalu, safisha zile picha kwenye karatasi, ni rupia chache kila moja, andika nyuma jina la kijiji, na kesho yake rudi nazo. Mela itakuwa imeshatawanyika, kwahiyo mpe dereva wa yale magari ya kushea anayeenda upande huo, au muuza duka wa njia panda, mtajie kijiji na mwonyeshe sura, anawajua. Yule mzee wa kilemba chekundu mwaka wa pili nilimkuta amekaa pale pale juu ya mto, na picha niliyompiga mchana ule wa kwanza, yeye mwenyewe alipokubali, ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, imekunjika kona zote.